MALI BILA DAFTARI: MAFUTA HALISI YA GARI-NYUMBA LA KLINIKI

(Hotuba ya Kitengo cha Afya na Usafiri kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)





 Tumekutana ili tujadili jambo linalogusa afya ya akina mama na watoto wa vigango vyetu vya mbali.

Jambo lenyewe ni gari-nyumba. Hili ni gari lenye kitanda, sinki, jokofu na tenki la maji ndani yake, ambalo Wazungu hulitumia kwa mapumziko. Marafiki zetu wa Ulaya wako tayari kutupatia moja lililotumika, ligeuzwe kuwa kliniki tembezi. Kitanda kitakuwa cha kupimia wajawazito na jokofu litahifadhi chanjo. Ni wazo jema na limetoka kwenye moyo mwema. Hata hivyo, Injili ya Luka, sura ya 14, inatukumbusha habari za mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akahesabu gharama. Nasi leo tunaomba tuketi, tuhesabu mafuta.

1. Karatasi ya kiwanda inasema nini?

Kila gari huja na karatasi inayoeleza linakwenda kilometa ngapi kwa lita moja. Namba hiyo hupatikana kwenye chumba cha majaribio, magurudumu yakizunguka juu ya roli. Jaribio la zamani la Ulaya lilichukua kama dakika 20 tu, kwa mwendo wa wastani usiofika kilometa 35 kwa saa. Watafiti walipolinganisha karatasi na barabara kwa magari madogo ya Ulaya, waliona kwamba mwaka 2001 tofauti ilikuwa chini ya asilimia 10, lakini kufikia katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa karibu asilimia 40. Ndiyo sababu jaribio jipya, gumu zaidi, lilianza kutumika Septemba 2017.

Kwa gari-nyumba tatizo ni kubwa zaidi. Mengi ya Ulaya huanza kama gari la mizigo, hasa Fiat Ducato, kisha mjenzi mwingine hupandisha nyumba juu yake. Namba ya gari la mizigo haijui uzito wala umbo la nyumba hiyo. Huko Marekani magari-nyumba makubwa hayana hata kibandiko cha serikali cha matumizi ya mafuta, kwa kuwa uzito wake umepita kikomo cha sheria hiyo. Wenye magari hayo hujiandikia wenyewe. Kwa kawaida gari-nyumba la Ulaya la tani 3.5 hula lita 10 hadi 13 kwa kilometa 100, yaani kilometa 8 hadi 10 kwa lita. Yale makubwa ya Marekani, yenye ukubwa wa basi, huenda kilometa 2.5 hadi 4 tu kwa lita.

Na hayo yote ni kwenye lami.

2. Mafuta huenda wapi?

Ndugu wajumbe, mafuta ya gari-nyumba yana walaji wanne.

Mlaji wa kwanza ni upepo. Gari-nyumba lina uso mpana kama ukuta. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo: dereva akitoka kilometa 80 kwa saa kwenda 100, upepo anaousukuma unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Mizigo iliyofungwa juu ya paa huongeza hasara hiyo.

Mlaji wa pili ni uzito pamoja na milima. Kupandisha tani 3.5 mita 1,000 kwenda juu kunahitaji takriban lita 3 za dizeli zaidi ya zile za safari ya tambarare. Anayetoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa kupitia Kitonga anapanda karibu kiasi hicho. Akishuka harudishiwi zote, kwa maana sehemu kubwa huishia kwenye breki.

Mlaji wa tatu ni barabara yenyewe. Mchanga, matope na makorongo humlazimisha dereva kutumia gia ndogo, kusimama na kuondoka tena. Matairi yenye upepo pungufu huongeza mzigo, na huisha haraka.

Mlaji wa nne ni kusimama injini ikiunguruma. Huyu ndiye tunayemsahau. Chanjo lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikiwa jokofu, taa na feni vitategemea injini ya gari, tukadirie karibu lita 1 kila saa. Kliniki ya saa sita ni lita 6 bila kusogea hata hatua moja.

3. Hesabu ya mfano

Tuchukue mzunguko wa kilometa 240 kwenda na kurudi, mara tatu kwa mwezi, yaani mizunguko 36 kwa mwaka.

Tukiamini karatasi inayosema kilometa 12 kwa lita, kila mzunguko ni lita 20, na mwaka mzima lita 720.

Sasa tuchukue kilometa 8 kwa lita, ambayo kwa barabara zetu bado ni matumaini. Mzunguko ni lita 30. Ongeza lita 6 za kusimama, zinakuwa 36. Mwaka mzima ni lita 1,296.

Ikiwa bajeti ilipitishwa kwa lita 720, dizeli itatosha mizunguko 20 tu. Gari litasimama mwezi Julai, na mizunguko 16 haitafanyika. Mama aliyeambiwa arudi Agosti kwa kipimo cha ujauzito atatembea hadi chini ya mwembe na asikute mtu. Mtoto aliyepata chanjo ya kwanza atakosa ya pili. Au tutachukua fedha za dawa tununue dizeli, gari lifike kigangoni likiwa tupu.

Tena bei ya mafuta haikai mahali pamoja. Hapa Tanzania EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Kwa sababu hiyo tunaomba bajeti ipangwe kwa lita kwanza, ndipo shilingi zifuate.

4. Haki ya dereva

Lipo jambo jingine linalouma. Pale kamati inaposhika karatasi ya Ulaya na kuona lita zimezidi, swali la kwanza huwa: nani ananyonya mafuta? Dereva hutazamwa kwa jicho baya, pengine hufukuzwa, kumbe gari lilikula kile ambacho lazima lile. Wizi wa mafuta upo, hatukatai. Lakini asiye na daftari hawezi kumtambua mwizi, wala hawezi kumtetea mwaminifu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Jaza tenki hadi juu, andika kilometa za dashibodi. Safiri. Jaza tena hadi juu, ikiwezekana kwenye pampu ile ile, andika lita zilizoingia. Ikiwa gari limetembea kilometa 480 na limeingiza lita 60, ni kilometa 8 kwa lita. Mara moja haitoshi, kwa sababu tenki halijazwi sawasawa kila siku. Chukua miezi mitatu, ya kiangazi na ya masika, ndipo mpate wastani wa haki. Kando ya kila safari andikeni njia, idadi ya watu, na saa ambazo injini iliunguruma kliniki ikiendelea.

5. Mambo ya kuuliza kabla ya kupokea

Kwanza, uzito. Gari-nyumba nyingi za Ulaya zinaruhusiwa kilo 3,500 kwa jumla, na zikiwa tupu hubakiza kilo 300 hadi 500 tu. Wahudumu watano wana kilo 350. Tenki la maji la lita 100 ni kilo 100. Dawa tutaweka wapi? Tuombe gari lipimwe kwenye mizani huko huko, kabla ya kupanda meli.

Pili, injini. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kikomo cha salfa kwenye dizeli kuwa sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Injini za Ulaya za daraja la Euro 6 zimeundwa kwa dizeli isiyozidi sehemu 10, na kichujio chake cha moshi kinahitaji safari ndefu za mwendo wa kutosha ili kijisafishe. Fundi wetu aulizwe kabla, si baada.

Tatu, njia. Ducato huvutwa na magurudumu ya mbele na tumbo lake liko chini. Kwa vigango vilivyo kando ya lami na changarawe nzuri litafaa. Kwa vile vya bondeni wakati wa masika, Land Cruiser yenye hema na meza ya kukunja itafika mahali ambapo nyumba ya magurudumu itakwama.

6. Mapendekezo yetu

Tunapendekeza gari lipokelewe kwa masharti haya:

(a) Litumike kwenye njia za lami na changarawe tu.

(b) Lifungwe paneli za sola juu ya paa kwa ajili ya jokofu na taa, ili injini izimwe kliniki inapoendelea.

(c) Mwendo usizidi kilometa 80 kwa saa, na upepo wa matairi upimwe kila wiki asubuhi yakiwa baridi.

(d) Daftari lisomwe mbele ya kamati kila robo mwaka, dereva akiwepo.

(e) Ndugu wafadhili, pamoja na gari tunawaomba mchangie lita za dizeli na matairi kwa miaka mitatu ya mwanzo. Parokia nazo zianze kuchangia tangu mwaka wa kwanza, haba na haba, ili mwaka wa nne usitukute mikono mitupu.

Masharti haya yasipowezekana, ni heri tuwaambie marafiki zetu kwa upendo kwamba fedha za kusafirisha gari hilo zingefanya kazi zaidi zikinunua dizeli ya gari tulilo nalo. Rafiki wa kweli hatakasirika.

Mizunguko ya robo ijayo imepangwa, na akina mama wameshapewa tarehe. Tunaziomba kamati zirudishe maoni yao kwa Baba Paroko kabla ya kikao kijacho.