Majina mawili, mtu mmoja: niliyowaambia wadogo zetu wa kidato cha sita pale Kahama

Makamanda, baadhi yenu mliomba niiweke hapa hotuba yangu ya Jumapili. Nimeiacha kama nilivyoisoma, nimepunguza vichekesho tu.

Mwangaluka!

Mmeitika wote, hata mliokuwa mnajifanya watoto wa mjini. Kabla sijaendelea: leo hapa hatugawi kadi ya chama. Kama baba yako ni balozi wa nyumba kumi wa chama tawala, kaa kwa amani, fomu ya mkopo haina rangi.

Mimi ni mtoto wa Rwamgasa, Geita. Mama anawauzia wachimbaji ugali na dagaa. Baba ana hisa kwenye duara moja ambalo mpaka leo limempa madeni tu. Nasoma sheria, mwaka wa tatu. Nilipaswa kuwa mwaka wa nne, na huo mwaka mmoja uliopotea ndo umenileta hapa.

Nilizaliwa nyumbani, kwa mkunga wa jadi. Nilipoanza darasa la kwanza mwalimu aliandika jina la babu mahali pa jina la baba. Nani angehangaika? Jina likapanda na mimi mpaka cheti cha kidato cha nne. Cheti cha kuzaliwa tulikwenda kukitafuta baada ya matokeo ya kidato cha sita, kikatoka na jina la baba. Majina mawili, mtu mmoja. Chuo nilipata. Mkopo sikupata. Mama aliuza mbuzi wanne, hela haikufika hata ada ya muhula mmoja. Nikakaa Rwamgasa mwaka mzima nauza vocha pembeni ya karasha, vumbi mpaka kwenye kope, huku wenzangu wakinitumia picha za wiki ya kwanza chuoni.

Sikufeli mtihani, jamani. Nilifelishwa na karatasi.

Kwa hiyo kazi ya leo jioni ni hii. Ukifika nyumbani, chukua cheti cha kidato cha nne na cheti cha kuzaliwa, viweke pamoja mezani, soma herufi moja moja. Kama huna cheti cha kuzaliwa, anzia ofisi ya mkuu wa wilaya, huko ndiko kuna msajili. Usisubiri matokeo ya Julai. Ule mpango wa kuwapa vyeti watoto walio chini ya miaka 5 ulipofika mikoa yetu, ninyi mlishapita umri. Kizazi chenu kimeachwa katikati. Na kuwa na cheti bado haitoshi, lazima RITA wakihakiki ndipo Bodi ya Mikopo ikikubali. Majina yakitofautiana, nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina. Tofauti ikiwa kubwa, itabidi hati ya kubadili jina isajiliwe kwa Msajili wa Hati.

Kuna jingine nalisema kwa sauti ya chini. Humu ndani wapo ambao baba zao walibaki chini ya kifusi. Walizikwa, watu wakachanga, basi. Cheti cha kifo hakikutafutwa. Bodi haitakuona yatima bila hicho cheti. Mweleze mama taratibu. Najua hilo si jambo la kulianza tu mezani.

Sasa hesabu miezi. Mtihani ni Mei, kisha wengi mtaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na maombi ya mkopo na ya vyuo yanafunguliwa kipindi hichohicho. Ukiwa kambini huwezi kukaa steshenari kutwa nzima ukisubiri mtandao urudi. Atakayekwenda kwa ajili yako ni nani? Mchague sasa, mwachie nakala za vyeti na picha. Nywila usimwachie kijana wa steshenari. Nimeona mtu amebadilishiwa kozi na hajui.

Na fomu ya mkopo inataka muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji. Baada ya uchaguzi wa 2019 na ule wa 2024 karibu kila mwenyekiti ni wa chama kilekile, na sitaki leo kurudia wagombea wetu walivyoenguliwa. Mimi mmoja aliniambia nirudi wiki ijayo, halafu ijayo tena, halafu akauliza mjomba wangu anapigia nani kura. Ule muhuri ni wa umma. Anathibitisha kwamba unaishi pale, hathibitishi unampenda nani. Akikuzungusha, muulize sababu kwa heshima, shikamoo iwepo, andika tarehe, kisha panda kwa mtendaji wa kata. Usigombane. Ukigombana anapata sababu.

Wale mnaojijua kwamba chuo kikuu si njia yenu, au alama mbili kuu hazitafikisha pointi 4, msidhani nimewasahau. Nina kaka yangu anayefunga mota za karasha kuliko fundi yeyote Geita, ila hana karatasi, na getini mgodini wanauliza karatasi. VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi aliojifunza mtu kazini. Nimemwambia mara tatu. Anasema ana kazi.

Uanagenzi wa migodini upo, na hapo nina hasira kidogo. Mwaka 2009 kampuni za migodi zilianzisha mafunzo ya mafundi wa mitambo pamoja na VETA. Yakawekwa Moshi! Dhahabu iko Bulyanhulu na Geita, almasi iko Mwadui, karakana iko chini ya Kilimanjaro. Waliosoma kule wametoka mafundi wa kweli, silikatai hilo. Lakini marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yaliweka kifungu cha 105: mgodi unaandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri, kwa kufuata vipaumbele vya halmashauri. Halmashauri nayo inatakiwa kusimamia na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Hivi nani humu amewahi kuelimishwa?

Hakuna mkono. Mimi pia nimekutana nacho darasani, sikukisikia Rwamgasa.

Tunaandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kuomba mpango wa mwaka huu, na kupendekeza nafasi za uanagenzi kwa wanaomaliza kidato cha sita hapahapa. Rasimu ninayo, atakayependa asome na kusaini kwa jina lake, si la chama.

Jumamosi tunakutana ukumbi huuhuu, saa tatu asubuhi. Wakili mmoja amekubali kuapisha viapo vya majina bure mpaka saa nane. Njooni na vyeti vyote, hata vilivyochanika.