Mlevi wa Machimboni Atibiwe Wapi?

Utafiti wa uraibu nchini mwetu umeifuata heroini, na heroini ilianzia pwani. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye huduma ikasogea mikoani hadi Mwanza. Ni kazi ya kujivunia, kwani imeonyesha jambo ambalo wengi walilikataa: aliyetawaliwa na dawa kwa miaka anaweza kunywa dozi yake kila asubuhi mbele ya mhudumu, kisha akaenda kazini. Lakini ukitoka Kahama ukapita Bulyanhulu, ukaingia Geita hadi machimbo ya dhahabu ya Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa, kinachowaangusha watu zaidi si heroini. Ni gongo, bia na wanzuki, na bangi pembeni. Kwa hao tumeweka polisi na mahubiri, na kwa mwenye uwezo, nyumba ya upataji nafuu iliyo mbali. Hoja yangu leo ni kwamba uraibu wa pombe wa mchimbaji unatibika, na pa kuutibia ni zahanati ileile anayokwenda kupimwa kifua kikuu.

Tuanze na mwili, maana ndipo ubishi mwingi unapoishia. Anayekunywa gongo kila siku kwa miaka, ubongo wake umeshazoea kufanya kazi ndani ya pombe. Ikikatika ghafla, mikono huanza kutetemeka ndani ya saa chache, na degedege huweza kuja katika siku mbili za kwanza. Kwa wachache, kati ya siku ya pili na ya nne, huja kuweweseka kukali pamoja na homa na moyo kwenda mbio. Hali hiyo zamani iliweza kuua hadi theluthi moja ya walioipata. Kwa tiba nzuri ya leo huua chini ya 5%. Kule kuzimua asubuhi kunakochekwa vilabuni mara nyingi si uroho: mtu anazituliza dalili zake kwa dawa pekee anayoijua. Sasa fikirini msako wa Ijumaa jioni. Mtu anawekwa mahabusu bila pombe, bila diazepamu, bila vitamini B1, na Jumapili anaanza kuona wadudu ukutani. Watasema amerogwa. Dawa zenyewe ni za bei ndogo, na tabibu wa zahanati anaweza kufundishwa kuzitumia na kumtambua mgonjwa wa kupelekwa hospitali haraka.

Kumvusha mgonjwa siku hizo ni mwanzo tu, na hapa ushahidi tunao karibu. Dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji, liitwalo AUDIT, lenye maswali 10, lilitokana na utafiti ulioanza mwaka 1982 katika nchi sita, Kenya ikiwamo. Huko Eldoret, watafiti walifanya jaribio lenye makundi yaliyogawanywa kwa bahati nasibu, kwa watu 614 wanaoishi na VVU na wanaokunywa pombe kupita kiasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Ushauri wa kubadili fikra na mienendo, uliotolewa kwa vikundi na watu wasio madaktari wala wanasaikolojia, ulipunguza unywaji kuliko elimu ya kawaida ya afya. Kwetu Moshi, hospitalini KCMC, ushauri mfupi uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako umeandaliwa kwa ajili ya majeruhi wanaofika idara ya dharura, wakati jeraha bado linauma na akili iko tayari kusikia. Mwaka 2023, dawa mbili za kupunguza unywaji, naltreksoni na akamprosati, ziliingia katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Hatuhitaji kusubiri madaktari bingwa wa akili wajae Geita.

Wapo watakaosema mlevi amejitakia, na hata akitibiwa atarudia. Kurudia kupo. Tathmini iliyochapishwa Marekani mwaka 2000 ilikadiria kuwa kati ya 40% na 60% ya waliotibiwa uraibu hurudia ndani ya mwaka, kiwango kisichotofautiana sana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu ambao hali yao huharibika tena. Hakuna anayemfukuza mwenye presha kliniki kwa sababu imepanda. Nyumba za upataji nafuu nazo zimeokoa watu, lakini zina kasoro yao, nayo inahusu mahali. Askari wa Marekani waliokuwa waraibu wa heroini Vietnam walifuatiliwa na mtafiti Lee Robins baada ya kurudi kwao mwaka 1971. Ni takriban 5% tu waliokuwa waraibu tena katika mwaka wa kwanza. Wao waliondoka mahali palipowapa uraibu. Mchimbaji wetu hufanyiwa kinyume: hutolewa machimboni, hupata nafuu ugenini, kisha hurudishwa kwenye duara lilelile, yaani shimo la kuchimbia, kwa utaratibu uleule wa kula kwa mkopo wiki nyingi na kushika fedha nyingi siku moja ya mgawo. Nafuu iliyopatikana mbali na mgawo haijajaribiwa na mgawo.

Pingamizi zito zaidi kwangu ni la uhamaji. Rashi, yaani kukimbilia dhahabu mpya, ikitokea pengine, kambi nzima huhama usiku mmoja, na kikundi cha ushauri cha kila wiki husambaratika. Eldoret haikutufundisha tufanye nini hapo. Ila mfumo wa kifua kikuu umeshalazimika kumfuata mgonjwa anayehama, kwa kadi na barua ya uhamisho, kwa tiba ya miezi sita. Pombe ipate nafasi kwenye kadi hiyohiyo, hasa kwa kuwa ulevi ni miongoni mwa mambo yanayowafanya wagonjwa waache dawa hizo. Kuhusu marufuku, ile ya viroba ya Machi 2017 niliiona ya haki: iliondoa pombe kali iliyoweza kufichwa kwenye mfuko wa sare ya shule. Kwa aliyekwishakuwa mraibu, gongo ilibaki palepale, ingawa nayo ni haramu tangu miaka ya 1960.

Lipo jambo moja ambalo ukanda huu haukopeshwi na Eldoret wala Moshi. Anayechoma dhahabu iliyoshikwa na zebaki naye hutetemeka mikono. Rwamgasa, ambako mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ulipima afya za wachimbaji mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu mmoja anaweza kuwa na sumu zote mbili. Mtetemo wa kukosa pombe huja saa chache baada ya glasi ya mwisho na hupungua akizimua. Wa zebaki hauna ratiba hiyo, na huhitaji kipimo cha mkojo. Kwa hiyo tabibu anapaswa kuuliza kwanza: ulikunywa lini mara ya mwisho, na nani anayechoma?