Jino la utoto nalo ni jino

Mtoto anapolalamika jino katika mitaa yetu, jibu ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Litang'oka lenyewe, si la utoto hilo?" Leo nataka tulizungumze jibu hilo, kwa sababu linawaumiza watoto.

Ukipita Kariakoo jioni, kuanzia Msimbazi mpaka Mtaa wa Kongo, utawaona watoto wamekaa chini ya meza za biashara za mama zao. Huyu ana pipi ya kijiti, yule ulimi umekuwa mwekundu kwa ubuyu, na mdogo wao kalala na chupa ya chai ya sukari mdomoni. Simlaumu mama. Ana wateja, na pipi ndiyo yaya wa bei nafuu kuliko wote pale sokoni. Lakini sukari ikishinda mdomoni, vijidudu huigeuza kuwa tindikali, na tindikali hula jino. La utoto lina gamba jembamba, hutoboka upesi kuliko la ukubwani.

Hivi karibuni jirani yangu, muuza vitenge, aliniomba nimsindikize hospitali na mwanawe wa miaka mitano. Shavu la mtoto lilivimba kama kaficha ndimu, na ulikuwa usiku wa pili hajalala. Daktari akamtazama, akasema magego mawili ya chini yameoza hadi kwenye kiini na mizizi imeshika usaha. Yang'olewe.

"Dokta, si umpe vidonge tu uvimbe upungue?"

"Vidonge vitatuliza, mama, lakini ugonjwa utabaki pale pale. Usaha ukiendelea unaweza kushuka shingoni. Na chini ya hayo kuna mengine yanakua, nayo yataharibika."

Mtoto akapigwa ganzi, meno yakatoka. Kilio kikubwa kilikuwa cha sindano. Ndipo mama akauliza kwa sauti ya chini mapya yataota lini. Akajibiwa: akifika miaka kumi, pengine kumi na moja. Hakusema neno tena mpaka tulipofika kituo cha daladala.

Hapo ndipo hesabu zetu zinapotupotosha. Meno ya utoto ni 20. Ya mbele huanza kudondoka kwenye miaka sita, kweli, lakini magego hukaa mpaka miaka kumi, hata kumi na miwili. Yakiondoka mapema, meno jirani huinamia pengo, na la ukubwani likija hukuta nafasi imechukuliwa, likaota kombo. Tena kuna gego linalochomoza nyuma kabisa kwenye miaka sita bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Siyo! Hilo likioza halina mrithi.

Na ajabu yetu ni kwamba kung'oa hatukuogopi. Wataalamu wa meno nchini wameandika tangu miaka ya 1980 habari za yale yanayoitwa "meno ya nailoni". Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, hupelekwa kwa mtu akamchimbue fizi na kutoa vijino vya chonge ambavyo havijachomoza, kwa chombo kisicho safi. Imani hiyo ipo pia Uganda, Kenya, Ethiopia na Sudan. Vijino hivyo havina ugonjwa wowote. Anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari, tena upesi, naye anarudishwa nyumbani akitoka damu. Basi jino zima la mtoto mchanga tunalichimbua, bovu la mtoto wa miaka mitano tunalisubiri lidondoke.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba dawa ya tundu dogo ilianzia hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walianza kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba tundu kwa saruji maalumu ya meno, bila mashine na bila umeme. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa ulimwengu, na mwaka 2021 saruji ya namna hiyo ikaingizwa katika orodha yake ya dawa muhimu. Wenzetu wa mbali wanaitumia kwa watoto wanaoogopa mashine. Sisi tunafika hospitali tundu likiwa limekwisha kuwa pango.

Kwa hiyo leo usiku, kabla mwanao hajalala, mpige mswaki wewe mwenyewe. Mkono wa mtoto wa chini ya miaka saba haujui kazi hiyo. Dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele kwa wa chini ya miaka mitatu, kiasi cha njegere kwa mkubwa wake. Kisha mwambie apanue mdomo karibu na taa. Ukiona doa jeupe kama chokaa pembeni mwa fizi, au kijitundu cheusi kwenye gego, mpeleke asubuhi. Hicho bado kinazibika.