Vidonda vya Midomo: Tusimtenge Mwenzetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Itumbe)



Sisi watu wa reli tukija likizo hapa kwetu Itumbe, twaona jambo la aibu. Mtu akitokwa na malengelenge mdomoni, anasengenywa, "Huyo ni mzinzi." Hata kazini tulipata kumtenga mwenzetu mmoja, wakati wa chai akawa anakaa peke yake. Tulikosa.

Wazee husema, "Homa imetoka." Wamekaribia ukweli. Malengelenge hayo huletwa na virusi vya hepesi. Wengi wetu tuliambukizwa utotoni, kwa busu la mama au shangazi. Virusi hujificha katika mishipa ya fahamu. Mwili ukichoshwa na malaria, baridi, jua kali au zamu za usiku, vyaamka tena. Kidonda hupona chenyewe kwa siku 7 hadi 14. Basi si uzinzi, wala si uchawi.

Lakini tujihadhari. Mwenye kidonda asishiriki kikombe wala mrija wa pombe, asibusu mtoto mchanga, asiguse kidonda kisha jicho. Anawe mikono.

Pembe za mdomo zikipasuka, hilo ni jambo jingine. Mara nyingi ni ukungu, au upungufu wa vitamini na madini ya chuma. Tule managu, saga, maharagwe na mayai.

Kidonda kikipita majuma 3 bila kupona, tusingoje dawa ya jirani. Twende hospitali, huenda ikawa ni saratani.

Ndugu, kikombe chake tukiweke kando siku hizo. Mwenyewe tusimweke kando.