Fundi wa Baragumu

 

Wengi wenu mnaijua habari ya mlinzi katika kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 33. Mlinzi amewekwa juu, anaona hatari inakuja, anapiga baragumu, na watu wanajiokoa. Akiona na kunyamaza, Mungu atamwuliza habari za waliopotea. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mlinzi huyo. Sijasikia hata moja juu ya fundi aliyelitengeneza baragumu lake. Tuseme mlinzi alikuwa macho, akaona, akapuliza kwa nguvu zake zote, kumbe baragumu lina ufa. Hapo ataulizwa nani?

Nauliza kwa sababu fundi huyo nilikuwa mimi.

Kabla ya kuingia katika kazi ya kanisa nilikuwa fundi wa minara ya simu, nikikaa Isiolo mjini. Kwa miaka mingi lami ya kutoka Nairobi ilikomea pale, na mbele yake ilikuwa vumbi na mawe mpaka Moyale. Mafundi walionitangulia walikuwa watu wa nguzo na waya. Walinisimulia jinsi twiga alivyopita na kuukata waya kwa shingo yake, asijue hata kwamba amewanyamazisha watu wa wilaya nzima. Sisi tuliokuja baada ya mwaka 2000, simu za mkononi zilipoanza kuenea, kazi yetu ilikuwa kupanda.

Mnara wa kijijini hausemi na Nairobi moja kwa moja. Una dishi linalotazamana na dishi la mnara mwingine mbali, na huo na mwingine, mpaka mjini. Upepo ukilisogeza dishi kidogo tu, halimwoni mwenzake. Nguvu inatoka kwenye jua na betri, au kwenye jenereta ya dizeli. Watu hufikiri fundi wa simu anashindana na mambo makubwa ya elimu. Hapana. Siku nyingi anashindana na vumbi, kutu, panya na maji.

Maji ndiyo adui mkuu. Mahali kebo inapoungana na chombo kule juu, ni lazima pafungwe tepu mara tatu: kwanza ya plastiki, kisha ya mpira unaoshikamana wenyewe, kisha plastiki tena. Ile ya mwisho huzungushwa kutoka chini kwenda juu, ili kila mzunguko uufunike ule wa chini yake, kama mabati ya nyumba yanavyopandiana, na maji yateleze nje. Ni kazi ya kuchosha, nawe unaning'inia kwenye mkanda mita 40 juu ya ardhi, vidole vimekufa ganzi. Na hakuna mtu atakayepanda baada yako kuangalia.

Mwanzoni mwa mwaka 2018, kabla ya masika, tulibadilisha kebo kwenye mnara mmoja upande wa chini wa mto Ewaso Nyiro. Jua lilikuwa linazama. Dereva alikuwa akipiga honi, maana njia ile haikuwa ya kusafiri usiku. Nilizungusha tepu moja ya plastiki, nikashuka. Kwenye fomu palikuwa na mahali pa kutia alama kwamba tepu zote tatu zimefungwa. Nikatia alama.

Mnakumbuka masika ya mwaka ule, jinsi nchi ilivyofurika. Pale mnarani ilinyesha usiku mmoja tu. Maji yakaingia katika kiungo changu. Simu zikaanza kukatika-katika, na siku ya tatu zikanyamaza kabisa.

Sasa, mto ule una tabia yake. Unatoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, unapita Archer's Post, unateremka mpaka Merti na kwenda kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Mvua ikinyesha milimani, mafuriko huwafikia watu wa chini wakiwa chini ya mbingu safi yenye nyota. Basi wa juu huwapigia simu wa chini: ondoeni mifugo, maji yanakuja. Kijana mmoja aliyekuwa Archer's Post aliyaona maji, akampigia baba yake mara 17. Baba alikuwa amelala, simu iko kando ya kichwa chake. Yule kijana alikuwa mlinzi mwema, wapendwa. Alipuliza.

Mzee yule alipoteza mbuzi 32 usiku huo. Mjukuu wake aliyelala nao alipanda mti na kukaa huko mpaka asubuhi.

Nilitumwa kutengeneza. Nilipoifungua ile tepu, maji yalinitiririkia kiganjani, na shaba ilikuwa na kutu ya kijani. Nikasafisha, nikafunga upya, mara tatu. Chini nikazisikia simu zikilia moja baada ya nyingine. Niliposhuka, mzee mwenyewe alinipokea na kikombe cha maziwa. "Mungu akulipe, fundi," akasema.

Niliyanywa yale maziwa. Katika taarifa yangu nikaandika kwamba chanzo ni mvua.

Jumapili mbili nilizunguka na sahani ya sadaka kanisani, na mara zote mbili nilimkumbuka yule mtoto juu ya mti. Jumatatu nikaiandika taarifa upya. Mkubwa wangu alinikaripia, na alikuwa na haki. Kisha nikapanda lori kwenda kwa mzee. Yeye ni Mwislamu, mimi ni Mkristo, na njiani niliwaza atasema nini juu ya watu wetu.

Nikamwambia, "Mzee, haikuwa mvua. Ni mimi."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Ile kazi uliyoiacha ingechukua muda gani?"

"Nusu saa."

"Nusu saa," akasema, akautazama mto.

Nilikuwa na fedha za kununua mbuzi watatu. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Mimi hata sehemu ya kumi sikuifikia. Alizipokea, akazihesabu, akazifunga katika pindo la shuka yake. Akamwita yule mjukuu alete chai. Mtoto akaniwekea kikombe mbele yangu, asiniangalie.

Tulikaa kimya kwa muda. Halafu mzee akanionyesha kwa fimbo upande wa ng'ambo, mahali unapoonekana mnara mwingine, mdogo kama sindano.

"Na ule," akasema, "uliufunga namna gani?"

Nikasema, "Sikumbuki, mzee."

"Basi maliza chai yako, uende ukaangalie."

Niliupanda kesho yake asubuhi.