Picha Nyeusi na Nyeupe ni Kazi ya Mikono



Nimeombwa nieleze kwa nini, katika zama hizi ambapo karibu kila mtu ana kamera ndani ya simu yake, wako bado watu, tena wengi wao vijana, wanaotia filamu ya nyeusi na nyeupe katika kamera kuukuu na kujifungia gizani wasafishe picha zao wenyewe. Wako wanaosema kuwa huo ni ulimbwende wa wenye nacho. Sikubaliani nao, ijapokuwa ni kweli kuwa filamu siku hizi ni ghali.

Jibu langu ni kwamba kazi hii mtu mmoja anaweza kuishika kwa mikono yake tangu mwanzo hadi mwisho. Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini yenye chumvi za madini ya fedha, yale yale yatengenezayo mikufu na pete. Mwanga ukizigusa chembe hizo hubadilika, lakini jicho halioni kitu. Dawa ya kwanza huzigeuza chembe zilizoguswa kuwa fedha halisi, ambayo huonekana nyeusi. Dawa ya mwisho huondoa zile ambazo hazikuguswa. Palipokuwa na mwanga huwa peusi, penye kivuli huwa peupe, na hiyo ndiyo negativu. Kwa kawaida dawa hutakiwa ziwe na joto la nyuzi 20 za Sentigredi, na kwa sisi wa pwani hapo barafu ina kazi yake. Filamu ya rangi hutaka karibu nyuzi 38 bila kuyumba, na dawa zilizo ngumu zaidi, ndiyo maana wengi huipeleka kwa wenye mitambo. Hii yetu hutosheka na kopo lisilopenya mwanga, saa, na maji safi. Mwalimu wa kemia anayetafuta namna ya kuwaamsha wanafunzi wake wa mchana na awaonyeshe karatasi tupu ikitoa sura ya mtu ndani ya beseni, chini ya taa nyekundu.

Ndugu zangu, mtu kuimiliki kazi yake mwenyewe si jambo dogo. Afrika ya Kusini wakati wa ubaguzi lilikuwa jambo la kufa na kupona. Tarehe 16 Juni, 1976, pale Soweto, Sam Nzima alipiga picha ya mtoto Hector Pieterson, mwenye umri wa miaka 12, akiwa amebebwa baada ya kupigwa risasi, huku dada yake akikimbia kando. Nzima aliitoa filamu ile kamerani akaificha ndani ya soksi, naye dereva akaifikisha kwenye gazeti. Ulimwengu mzima uliiona.

Kabla yake alikuwapo Ernest Cole, aliyezaliwa 1940. Alipiga picha za vibali vya kutembea, za migodi, za madarasa ambamo watoto waliandika wakiwa sakafuni. Mwaka 1966 aliihama nchi yake, na mwaka 1967 kitabu chake, House of Bondage, kikachapishwa New York. Makaburu wakakipiga marufuku. Cole alifia uhamishoni mwaka 1990, na negativu zake nyingi zikadhaniwa zimepotea. Mwaka 2017, zaidi ya negativu 60,000 zilirudishwa kwa jamaa zake kutoka benki moja ya Stockholm. Hazikuhitaji mtambo wowote ili zisomeke; ilitosha kuzielekeza dirishani. Je, ni nani kati yetu maofisini awezaye leo kuzisoma zile diski za kompyuta za miaka ya 1990?

Uchache wa filamu nao ulikuwa na mafunzo yake. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, nchini Mali, mwaka 1948, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Basi alimtazama mtu kwanza: mikono ikae wapi, uso uelekee wapi, nguo ya maua isimezwe na pazia la nyuma yake. Kwa kuwa rangi haipo, mpiga picha hana budi kuusoma mwanga wenyewe. Mwenye kupiga picha mia mbili kwa dakika kumi, halafu asizitazame tena, sijui amemwona nani.

Ndugu walimu na watumishi, naamini yako makabati katika shule na ofisi zetu yenye mabahasha ya negativu za wahitimu, za mikutano, za ujenzi wa zahanati na visima. Msizitupe kwa kuwa hamjui zilizomo. Mkifungua kisanduku mkasikia harufu kama ya siki, mjue plastiki ya asetati imeanza kuoza. Zitengeni hizo na zile zilizo nzima, maana huambukizana. Zilizobaki zitieni katika bahasha za karatasi, si mifuko ya plastiki, na ziwekwe pakavu pasipo joto. Juu ya kila bahasha andikeni kwa penseli jina, mahali na mwaka, mkianza na zile picha ambazo wazee wanaozitambua sura zake wangali hai.