Boma bila karatasi: askari wa ziwa letu na sisi tuliorudi

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa memba, Mahagi-Port)



Niliombwa niseme kidogo juu ya historia. Nitasema juu ya askari wa zamani wa ziwa hili, wale ambao wajukuu wao wanaitwa Wanubi. Mutaona mwenyewe kwa nini.

Miaka ya 1880 serikali ya Misri ilikuwa na jimbo lake hapa, gavana akiwa Emin Pasha, daktari Mjerumani. Boma kubwa lilikuwa Dufile, kwenye mto Nile: kuta za udongo na mtaro. Kukawa na Wadelai, na huku kwetu, upande wa magharibi wa ziwa, Tunguru na Mswa. Askari walitoka Sudani, wengine walikuwa watumwa kabla ya kushika bunduki. Walikuwa watu wa vita kweli. Mwezi wa 11 mwaka 1888 jeshi la Mahdi lilishambulia Dufile, wakalirudisha nyuma, mkubwa wao akiwa Selim Bey.

Lakini tuseme ukweli wote. Mshahara haukufika, basi walikula kwa kunyang'anya: mtama, ng'ombe, na mabinti wa watu. Wanubi wana bibi zao Waalur, Walugbara, Wamadi. Kwa hiyo hawa si wageni kabisa. Ni damu yetu pia, hata kama iliingia kwa njia mbaya.

Mwaka 1889 Stanley alimchukua Emin, wakaenda pwani. Selim Bey na watu wake wakabaki. Wakangoja kwa shefu Kavalli, upande huu huu wa ziwa, kusini, miaka miwili. Mwezi wa 9 mwaka 1891 akafika Kapteni Lugard, Mwingereza, akitafuta askari. Aliondoka nao kwenda Uganda: askari mia kadhaa tu, lakini pamoja na wanawake, watoto na watumwa walipita watu 8,000. Fikirini huo mstari wa watu njiani, mama na vyungu kichwani. Sisi tuliovuka ziwa na mitumbwi mwaka 2018 tunajua ile picha.

Wakawapigania Waingereza. Baadaye sehemu yao walipewa mahali pa kukaa karibu na Nairobi, kwenye pori waliloita Kibra kwa lugha yao, ndiyo Kibera ya leo. Walipewa bila hati ya udongo. Wakajenga, wakazika wafu wao, lakini mbele ya sheria walikuwa wapangaji tu. Hata vitambulisho vilikuwa taabu, na kamati ya Afrika ya haki za watoto ikawapa haki mwaka 2011. Hati ya udongo waliipata mwaka 2017, ekari 288 tu. Hesabuni toka 1891: miaka 126.

Hapo ndipo ninataka tusimame. Bunduki haikuwapa nyumba. Sifa ya ushujaa haikuwapa nyumba. Karatasi na mashahidi ndivyo viliwapa.

Mimi niliporudi toka kambini nilikuta mtu amelima parsele yangu. Akaniuliza mbele ya wazee: karatasi iko wapi? Sikukuwa nayo. Kilichoniokoa ni mama jirani aliyesema, "Huyu mwembe nilimwona akiupanda." Yule mama ni mzee. Akienda, nani atasema?

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Moja, kila memba aandike kwenye daftari la shirika mipaka ya parsele yake, na majina ya majirani wanne. Mbili, twende pamoja kwa shefu, tusiende mmoja mmoja, na yule aliyelima tumwalike naye aseme lake, maana naye pengine alikimbia kwao. Tatu, wajane waandikwe kwa majina yao wenyewe, si ya shemeji.

Kwenu wafadhili: hatuombi boma. Tunaomba madaftari, kamba ya kupimia, na mafuta ya pikipiki kufikisha wazee mashahidi shambani kabla hawajatuacha.